Tausi na Jivu

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitakupa mwishoni, kama zitapata nafasi.

Leo asubuhi nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa nimeshanyoa, mtu wa posta akaniletea kifurushi kutoka huko kazini kwenu mnakopima sarafu. Nikamwomba mteja avumilie kidogo. Ndani mna Tausi, sarafu aliyonipa Baba, na kikaratasi chenye mstari mmoja: "Rangi si ya asili. Haipewi daraja." Chini yake kuna saini. Saini hiyo naijua tangu ilipokuwa inajifunza kuandika kwenye kuta za nyumba hii, na mimi ndiye niliyekuwa nachapwa kwa ajili yake.

Utauliza amefikaje huko. Nilimtuma mwenyewe, kwa jina la ukoo wa wifi yako, ili usijue ni wangu. Chama chetu cha wakusanya sarafu kina maonyesho mwezi wa sita, na nilitaka Tausi aingie akiwa ndani ya kasha lenye daraja, kama sarafu za wakubwa. Nilijiambia: mdogo wangu atampima bila upendeleo, kisha nitamwambia ilikuwa ya Baba, tucheke wote. Nimecheka peke yangu, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Baba alikaa dirishani pale posta mpaka akastaafu. Kila sarafu ya fedha iliyopita mkononi mwake aliitazama pande zote mbili kabla ya kuitia kwenye droo, na iliyomvutia aliilipia kwa ya mfukoni mwake akaja nayo nyumbani. Wewe unajua, tulikuwa tunamsubiri mlangoni. Na katika zote hizo, Tausi ndiye aliyetufanya tugombanie nafasi ya kukaa karibu na taa. Pembeni samawati, kisha zambarau, kisha ile dhahabu inayomzunguka yule farasi wa katikati shingoni kama skafu. Baba alituambia rangi ilikuja yenyewe, sarafu ikiwa imelala kwenye bahasha. Sasa wewe unasema imepikwa. Kama haikuja yenyewe, basi kuna aliyeipika. Ni nani? Mimi hata chai ikichemka naita watu.

Swali langu ni moja tu. Ulipomshika Tausi mkononi, ulimtambua au hukumtambua?

Kaka yako


11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Wifi hajambo? Mimi mzima, ila macho yanachoka mapema siku hizi.

Naomba unisome polepole. Fedha ikilala kwenye karatasi kwa miaka hubadilika, lakini hubadilika kwa adabu. Inaanza manjano, inaingia wekundu, samawati huja baadaye. Rangi moja huingia ndani ya nyingine kama asubuhi inavyoingia ndani ya mchana. Huwezi kusema ilibadilika hapa. Kwenye sarafu uliyotuma, samawati imerukia mahali ambapo manjano haijamaliza kukaa. Karibu na herufi, ambako rangi ya umri hupungua, yenyewe imejaa. Na imepita juu ya mikwaruzo bila kujali, kama chokaa juu ya ufa. Mtu akiiweka sarafu kwenye joto pamoja na unga wa salfa anaipata rangi hiyo kwa muda mfupi. Tunaziona kila wiki.

Sikuandika kwamba ni mbaya. Uzuri ni jambo moja na ukweli ni jingine. Wewe mwenyewe unawapaka wazee nywele nyeusi kila Jumamosi. Wanatoka kwako wamependeza, wake zao wanafurahi, lakini huwezi kuwapunguzia umri kwenye kitambulisho. Kazi yangu ni kama ya kitambulisho.

Wala sikuandika ni nani aliyeipika. Kikaratasi kile hakina nafasi ya kuandika hivyo. Huenda mtu aliileta dirishani kwa Baba ikiwa tayari hivyo.

Ushauri wangu: iweke, ipende, ila usiipeleke kwenye maonyesho. Kuna watu huko watakaoyaona niliyoyaona mimi, na hawatakuonea haya.

Msalimie wifi.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma polepole kama ulivyoniomba. Nimemsomea na wifi yako. Akasema ungefaa kuwa mwalimu. Mimi nikasema ungefaa kuwa wakili, maana umeandika ukurasa mzima na swali langu hukuligusa.

Habari ni kwamba nimempeleka Tausi kwa wapimaji wengine. Usikunje uso, hata mgonjwa huenda kwa daktari wa pili. Ni wale washindani wenu, na safari hii nilitumia jina langu. Amerudi jana ndani ya kasha gumu la plastiki, amepewa sitini na tano kati ya sabini, na chini yake wameandika: "Mvuto wa macho wa pekee." Nimemweka juu ya kioo cha saluni. Wateja wananyolewa huku wamemkodolea macho, hawatikisi hata kichwa. Sijawahi kunyoa kwa raha namna hii.

Sasa nieleze. Sarafu ni moja. Nyinyi mnasema imepikwa, wenzenu wanasema ni ya pekee. Kumbe na ujuzi wenu una mapenzi na chuki zake.

Nitakuambia jambo ambalo sikutaka kulisema. Ule mwaka wa mwisho wa Baba wewe ulikuwa huko. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini aliyekuwa akimgeuza ubavu ni mimi. Aliyekuwa akimnyoa ndevu kila asubuhi ni mimi, hadi ile asubuhi niliyomnyoa akiwa hanisikii tena. Siku moja, kabla hali haijawa mbaya sana, alimtoa Tausi chini ya mto, akaniwekea kiganjani, akaniambia, "Hii ndiyo nzuri kuliko zote. Ni ya aliyekaa." Maneno hayo nimeyala nikashiba, nikayalalia. Wewe ulipokuja kumwona alikupa pacha wa Tausi, sarafu ya mwaka uleule, farasi yuleyule, ila imefubaa kama jivu la jikoni. Nilikuonea huruma. Nilifikiria hata kukuambia uchague nyingine ya kukufariji. Sasa naona huruma yangu ilipotea njia.

Tausi atakaa meza ya katikati. Njoo umtazame ukipenda. Lenzi uiache nyumbani.

Swali langu bado liko palepale nilipoliacha.

Kaka yako


19 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba umefurahi.

Sitaweza kuja kwenye maonyesho, kazi imetuzidi. Nakutakia heri.

Mdogo wako


20 Juni

Wifi yangu,

Nakuandikia nikiwa chumba cha wauguzi, wodi imetulia kidogo. Nyumbani siwezi. Kaka yako hajui.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa maktaba. Kaka yako alivaa koti la harusi yetu. Ilibidi nisogeze vifungo, na bado alipumua kwa kuomba ruhusa. Alisimama kando ya meza ya katikati tangu milango ilipofunguliwa. Watu walikuwa wanamjia, anawaeleza habari za Baba na dirisha la posta, wanasikiliza. Wifi, sijamwona mrefu hivyo kwa muda mrefu.

Mchana akaja mwenzako wa kazini, yule mzee wa ndevu nyeupe. Kaka yako hamjui, mimi namkumbuka kutoka msibani. Akainama, akatoa lenzi yake, akatabasamu. Akasema, "Hii ni rafiki yangu. Ilipitia mezani kwangu kwanza."

Kaka yako akamuuliza ilikuwaje basi ikakataliwa. Yule mzee hakuwa na ubaya wowote, ni mtu wa maneno mengi tu. Akaeleza kwamba yeye alikuwa tayari kuipitisha. Kwake rangi ikivutia na isipopiga kelele, huwaachia wanunuzi waamue. Lakini wewe ulipita nyuma ya kiti chake, ukaiona kwenye trei, ukamwambia, "Nipe hiyo, naijua." Ukaenda nayo mezani kwako, na yeye hakuiona tena.

Laiti angeishia hapo. Akampongeza kaka yako kwa kuwa na familia yenye bahati. Akasema ile ya dada yake, ya kijivu, waliyoipa sitini na saba, hajaona ya mwaka ule iliyo bora kuliko ile, na pale kazini huwaonyesha wanafunzi wajue umri wa kweli unavyokaa juu ya fedha. Kaka yako akamuuliza waliipima lini. Mzee akafikiri kidogo, akasema ni mwaka ule ule baba yenu alipofariki.

Kaka yako akamshukuru, akampa mkono. Akabaki amesimama pale hadi mwisho. Walimpa cheti, sarafu iliyopendwa na wageni wengi. Alikikunja mara nne kama risiti ya sokoni, akakitia mfukoni.

Tangu siku ile ananyoa kimya. Unaijua saluni yake. Watu wanaifuata kwa ajili ya maneno, nywele ni kisingizio. Sasa wanakaa, wananyolewa, wanaondoka. Jana tukiwa tunakula aliniuliza kitu kimoja. Akasema, "Wewe ni muuguzi. Mtu akiwa anakaribia kufa, huwa bado anajua anachompa nani?" Nikamjibu kwamba wengi wanajua kuliko sisi tulio wazima. Nilidhani namfariji.

Mwandikie, wifi. Usimwandikie kama mpimaji. Mwandikie kama mtu aliyenyonya ziwa moja naye.

Wifi yako


28 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Swali lako. Ndiyo, niliitambua. Niliitambua kwa mbali, ikiwa kwenye trei ya mtu mwingine, kabla sijajua kwa nini miguu yangu imesimama. Niliichukua kwa sababu nilijua yule mzee mwenzangu angeipitisha.

Wakati ule nilijiambia hivi: nimewakatalia watu wangapi sarafu kama hii? Kuna mjane mmoja alilia mezani kwangu. Nikimwachia ndugu yangu, wale nitawaambia nini? Ni sababu nzuri na bado naiamini. Lakini tangu hapo nimekuwa na muda wa kufikiri, na sina hakika kama ilikuwa peke yake. Wewe ulikuwa na Baba. Ulikuwa na nyumba, na sauti yake, na asubuhi zake. Mimi nilikuwa na jicho tu, na siku ile nililitumia.

Kuhusu Jivu. Siku aliponipa, wewe ulikuwa umetoka kwenda kumchemshia maji. Alinifumba vidole juu yake akasema, "Hii haina sura. Lakini haijaguswa na mtu." Nilidhani ni maneno ya uchovu. Nilipoipeleka kazini waliipima wenzangu, si mimi. Walipotaja namba nilikwenda nikajifungia chooni. Sikukuambia, kwa kuwa wakati huo ulikuwa unaongea na Tausi kama mtu anayeongea na mtoto wake, na nisingeweza kukutajia daraja la yangu bila siku moja kukutajia la yako.

Kama Baba aliipika mwenyewe, sijui. Chini ya lenzi naona rangi, sioni mkono. Huenda hakujua kitu. Huenda alijua, akampa kila mtoto anachoweza kukipenda. Chagua unaloweza kuishi nalo.

Nakutumia Jivu, imo humu ndani, kwenye kasha lake. Ni yako. Wewe uliuguza, mimi nilikuja na mfuko wa matunda nikaondoka na basi la jioni. Sitaki kitu badala yake.

Jambo moja tu, kwa kuwa sipendi ulisikie kwa wengine kama ulivyosikia hayo. Wale wapimaji wa pili wamekosea. Tausi imepikwa. Ningesema hivyo hata mbele ya kaburi lake.

Mdogo wako


15 Julai

Mdogo wangu,

Kifurushi kilifika. Nilikaa na Jivu siku kadhaa. Niliiweka juu ya kioo, pembeni ya Tausi, na kila nikipata nafasi naitazama. Mwanzoni niliona kile nilichokiona siku zote, sarafu iliyochoka. Kisha siku moja mwanga wa dirishani ukaipata kwa upande, nikaona. Chini ya ule ujivu kuna kitu, kama mtu mzima anayetabasamu bila kufungua mdomo. Nikakiona tena kesho yake. Nikaelewa kwa nini mliipa namba ile, mimi kinyozi nisiyejua samawati inatakiwa kukaa wapi.

Kama nisingeelewa, pengine mambo yangeishia hapo.

Nilivunja makasha yote mawili kwa nyundo. Nikaenda kwa sonara wa mtaa wa nyuma, akanipa dawa yake ya kusafishia fedha, nikaimimina kwenye bakuli la sabuni ya ndevu. Tausi alitangulia. Rangi yake ilitoka papo hapo, kama wanja wa mtu anayelia. Hata sikumsugua. Nikamtoa akiwa mweupe kama kijiko kipya. Basi ulikuwa sahihi. Liandike mahali, ulitie kwenye fremu, ulitundike.

Jivu ilibisha. Niliizamisha, ikatoka vilevile. Nikaizamisha tena, ikapauka kidogo tu. Mwishowe nikachukua kitambaa na dawa ya meno, nikaisugua kama ninavyosugua sinki la saluni. Nilifunga mlango, watu wakagonga, sikufungua. Ilinichukua Jumapili nzima na ngozi ya kidole gumba. Ilikuwa haitaki. Kila nilipofikiri imekwisha, nikiigeuza nakuta bado kuna kivuli kwenye nywele za shingo ya farasi. Nikakitoa na huko.

Na Tausi nikamsugua vivyo hivyo, asije akajiona bora.

Uliniambia nichague ninaloweza kuishi nalo. Sikuweza kuishi na moja nzuri na moja ya kweli, na kila nikiinua macho kwenye kioo nikakumbuka nani alipewa ipi. Niliyemgeuza ubavu alinipa rangi. Aliyekuja na matunda alipewa fedha. Sasa ziko sawa. Nakurudishia zote mbili. Baba hajampendelea mtu.

Usiniandikie tena.

Kaka yako


1 Agosti

Wifi,

Amenikataza nisimwandikie, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Zilifika. Alizifunga pamoja kwenye kitambaa cha saluni, kilikuwa bado na nywele za watu. Sarafu nilizikung'utia juu ya meza yangu, moja moja bila kuzichanganya, na yule mzee akaja kuchungulia. Yeye asiyeishiwa maneno alisimama hapo, akazitazama, akanishika bega, akarudi kwenye kiti chake. Sarafu iliyosuguliwa hivyo haipimwi tena. Sisi tunaandika "imesafishwa" na kuirudisha kwa mwenyewe.

Usimgombeze. Najua ni mstari gani katika barua yangu uliomtuma kwa sonara. Uliniomba nisiandike kama mpimaji, na nilijitahidi karibu hadi mwisho. Ule mstari niliufikiria kabla ya kuuandika. Ningeweza kuuacha.

Nina ombi moja. Zote mbili ni za mwaka mmoja, farasi mmoja, uzito mmoja. Nimeziweka chini ya lenzi, nimezimulika kwa pembeni, nimezizungusha ukingo wote. Rangi ndiyo niliyokuwa nazijua nayo; alama nyingine zozote zimekwenda na kitambaa. Kazi hii nimeifanya tangu kabla hamjaoana, na siwezi kujua ipi ndiyo aliyonifumbia Baba kiganjani. Thamani hazina, nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini moja nataka kubaki nayo na nyingine nataka kumrudishia yeye, na sitaki kukosea.

Muulize. Yeye ndiye aliyekuwa nazo hadi mwisho, na ndiye aliyezifunga, moja upande huu wa kitambaa na moja upande ule. Hata akisema neno moja tu, la kulia au la kushoto, litanitosha.

Wifi yako


12 Agosti

Wifi,

Nimemuuliza. Nilikwenda saluni mchana, maana nyumbani angetoka nje. Alikuwa anamnyoa mtu ndevu. Nikamsomea barua yako kuanzia pale penye ombi, mteja naye anasikia, liwe liwalo.

Wembe ulisimama. Nikamtazama kwenye kioo. Mtu niliyeishi naye miaka yote hii hawezi kunificha uso wake, wifi. Anajua ni ipi.

Kisha akalifuta povu lile, akaendelea na shavu la pili.

"Mwambie apime," akasema. "Mtaalamu ni yeye."

Wifi yako